Maswali tunayoulizana sana Tanga kuhusu siasa za mtaani: mkutano, kura, diwani na hela zetu

Haya maswali nayasikia kila siku, kwenye kahawa jioni, kwenye bajaji, msibani watu wakishakula, hata kwenye grupu la WhatsApp la mtaa ambalo lilianzishwa kwa ajili ya ulinzi shirikishi sasa hivi limejaa dua na matangazo ya viwanja. Nimeyaweka pamoja ili mtu asome mwenyewe. Mimi sio mwanasheria wala sina cheo, ni mkazi tu ambaye amekaa kamati ya shule na kushika kalamu ya katibu, kwa hiyo makaratasi ya mikutano nayajua yanavyoandikwa na yanavyo "sahaulika".

Kwani siasa si ya wanasiasa? Mimi nauza samaki, inanihusu nini?

Ushuru unaotozwa pale unapouzia samaki umepangwa na nani? Na madiwani, wamekaa kikao wamepitisha sheria ndogo. Choo cha soko kikiziba wiki nzima, taa ya barabarani ikizimika, gari la taka lisipopita, mtaro wa Ngamiani ukifurika masika, yote hayo yana kikao chake mahali fulani na yana mtu aliyenyoosha mkono au aliyekaa kimya. Sasa wewe ukisema siasa haikuhusu, yenyewe inakuhusu tu, ushuru utalipa vile vile.

Na sio hisani ya mtu. Katiba ya 1977 ibara ya 8 inasema wananchi ndo msingi wa mamlaka yote, serikali inapata madaraka yake kwao na itawajibika kwao. Ibara ya 21 inakupa haki ya kushiriki kwenye uongozi wa nchi, na ya 145 na 146 ndo zinaleta serikali za mitaa, lengo lililoandikwa pale ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo ukienda ofisi ya mtaa kuuliza, huendi kuomba msaada.

Mkutano wa mtaa anaruhusiwa nani? Mimi mpangaji tu

Mkazi yeyote aliyefika miaka 18. Mpangaji, mwenye nyumba, mama wa nyumbani, kijana anayelala kwa shangazi yake, wote. Hauulizwi kadi ya chama, na ukiulizwa jua hapo kuna mtu amechanganya mkutano wa serikali na mkutano wa tawi la chama. Hii nasisitiza manake huku kwetu wapangaji wengi wana ile hali ya "waja leo waondoka leo", wanajiona wageni hata kama wamekaa Makorora miaka kumi na watoto wamezaliwa hapo hapo hospitali ya Bombo. Kama unaishi hapo na unatupa taka hapo, mkutano ni wako.

Mbona tunasema weeee lakini hakifanyiki kitu?

Hili ndo swali lenyewe haswa, na nitalijibu kwa urefu manake mengine yote yanarudi hapa.

Ajenda za mkutano wa mtaa karibu kila mahali zinafanana. Kufungua. Kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Yatokanayo. Taarifa, ikiwemo mapato na matumizi. Mengineyo. Kufunga. Sasa angalia sisi tunavyofanya, mkutano umetangazwa saa tisa, mtu anafika saa kumi na nusu, muhtasari ushasomwa, yatokanayo yashapita, taarifa ya fedha ishasomwa kwa sauti ya haraka haraka kama ya kondakta, anakaa anasubiri "mengineyo" ndo anyooshe mkono aseme ya moyoni kwa dakika saba, watu wanapiga makofi, mwenyekiti anasema "tumelipokea mama yangu, tutalifanyia kazi", dua, watu wanatawanyika. Umeshapoteza.

Mahali penye nguvu ni yatokanayo. Pale ndo kiongozi anatakiwa aeleze lile mlilokubaliana mara iliyopita limefikia wapi, na anaeleza mbele ya watu. Lakini yatokanayo yanatoka kwenye muhtasari, na kama jambo lako halikuandikwa kwenye muhtasari, au limeandikwa vibaya, basi halitokani na kitu. Hakuna wa kumuuliza.

Na kuandikwa vibaya ni sanaa. Nimeona kwa macho yangu mtaa mmoja ambao siutaji, watu wamebishana karibu saa nzima kuhusu kalavati lililovunjika, wamekubaliana kabisa kwamba mtendaji aandike barua kwa mhandisi na alete majibu mkutano ujao. Kwenye kaunta buku ikaandikwa hivi: "Wananchi walitoa maoni kuhusu miundombinu." Mstari mmoja! Hakuna kalavati, hakuna barua, hakuna mtendaji, hakuna mkutano ujao. Ukisoma ile sentensi baada ya miezi miwili utadhani watu walikuwa wanapiga soga.

Kwa hiyo fanya hivi. Wahi mwanzo. Ukiongea, ongea jambo moja, fupi, alafu malizia kwa kusema "naomba liingie kwenye muhtasari kama azimio, kwamba fulani kwa cheo chake atafanya hiki na ataleta taarifa mkutano ujao." Lazima kuwe na cheo cha mtu, kitendo, na siku. Katibu akimaliza kuandika mwombe asome alichoandika, kwa adabu tu, "samahani mtendaji, hebu tusomee hapo." Hakuna mtu atakayekugombeza kwa hilo, na watu wazima waliokaa pale watakuunga mkono, manake na wao wanataka kusikia. Mkutano unaofuata muhtasari ukisomwa sikiliza azimio lako lipo vipi, likiwa limepinda sema hapo hapo kabla haujathibitishwa, ukishathibitishwa ndo basi tena.

Na saini mahudhurio. Watu wanakwepa karatasi ya mahudhurio utadhani ni hati ya mkopo. Ile orodha ndo inaonyesha mlikuwa wangapi, siku nyingine mtu akisema "walikuwa watu kumi tu wana fitina zao" karatasi inajibu.

Mjumbe wa nyumba kumi ni serikali au chama?

Chama. Wakati wa chama kimoja vitu hivi vilikuwa vimeshikana, balozi wa nyumba kumi alikuwa ndo kila kitu, na wazee wetu walizoea hivyo. Vyama vingi viliporudi 1992 serikali na chama vikatakiwa viachane, mabalozi wakabaki wa CCM. Sasa ukigombana na jirani unaweza kwenda kwa mjumbe akawasuluhisha kiutu uzima, hakuna ubaya, kazi nzuri tu wanafanya, mimi mwenyewe jirani yangu mjumbe namheshimu sana. Lakini ngazi ya chini ya serikali mjini ni mtaa, na barua ya serikali inatoka ofisi ya mtaa.

Nani ni nani? Mwenyekiti, mtendaji, diwani, mbunge, DC, nachanganya

Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake unawachagua wewe. Mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata ni waajiriwa, hawachaguliwi, wanaweza kuhamishwa kesho. Diwani unamchagua, ndo anakuwakilisha kwenye baraza la madiwani la Jiji (Tanga tumekuwa Jiji tangu 2005, ingawa mitaro yetu haijapewa taarifa), na ndo mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata anakuwa katibu. Mbunge kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti ya nchi na kuisimamia serikali, na kwa cheo chake anakaa pia kwenye baraza la madiwani. Mkuu wa wilaya (ndo huyo DC) na mkuu wa mkoa wanateuliwa na Rais, huwapigii kura.

Ninachokiona hapa Tanga ni kwamba watu wanamsubiri mbunge kwa kila kitu, taa, mtaro, ada ya mtoto, mpaka sanda. Diwani ambaye anaishi barabara mbili kutoka kwako hamumuulizi kitu, wakati bajeti ya Jiji inapita mikononi mwake. Na vikao vya baraza la madiwani viko wazi, mwananchi anaruhusiwa kwenda kukaa kusikiliza, huruhusiwi kuchangia tu. Nenda siku moja ukae nyuma umwangalie diwani wako kama anaongea au anachezea simu.

Naombwa hela ya barua ya utambulisho, ni halali?

Dai kontroli namba au risiti ya serikali. Kama havipo, basi hela hiyo haiendi serikalini. Najua wenyeviti hawana mshahara, wanaishi kwa posho ambayo nayo inakuja ikijisikia, na mtu anakugongea muhuri saa mbili usiku ukiwa unakimbilia dhamana ya ndugu yako polisi, roho inataka umpe kitu. Ukimpa kwa hiari yako ni mambo yenu, ila asiweke bei. Bei ikishakaa ukutani bila risiti, peleka kwenye mkutano, na sasa unajua uiseme kwenye ajenda gani.

Sisi wanawake mikutano inatupita, mnaiweka saa za kupika

Kweli kabisa. Mkutano wa saa kumi jioni mama lishe ndo anawasha moto wa chapati na mihogo ya jioni, mwenye watoto wa madrasa anawasubiri, muuza mbogamboga wa Mgandini ndo biashara imechanganya. Wakifika wanakaa nyuma kwenye mkeka, wanaume mbele kwenye viti, kipaza sauti kinazunguka viti vya mbele tu mpaka magharibi inaadhini.

Saa ya mkutano sio aya ya msahafu, inabadilishwa. Wanawake wa kikundi kimoja cha vikoba ninachokijua walikwenda kwa mwenyekiti wakiwa wengi, wakamwambia kikao cha asubuhi ya Jumamosi wote wanakuja, cha jioni hata mmoja haji. Mwenyekiti alihesabu kichwani kura zile akakubali fasta. Ndo siasa hiyo, hakuna maandamano hapo. Walichofanya cha akili zaidi walikubaliana kabla kwamba mmoja atasema na wengine watanyoosha mikono kuunga mkono, sio kila mtu aamke aseme lile lile mpaka mwenyekiti apate sababu ya kusema muda umekwisha.

Alafu kwenye kamati ya mtaa kuna nafasi za kundi la wanawake, na kwenye mabaraza na Bungeni kuna viti maalumu, Katiba inataka wabunge wa viti maalumu wasipungue asilimia 30. Mimi maoni yangu viti maalumu vimesaidia ila vimewafanya wanaume wengine waseme "nyie si mna viti vyenu" mwanamke akitaka kugombea mtaa au jimbo. Viti maalumu havizuii mwanamke kugombea popote, asikudanganye mtu.

Ile mikopo ya asilimia kumi ni ya kina nani? Mbona wanapata wale wale?

Halmashauri yoyote inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Hili lipo kwenye sheria tangu 2018. Ilisimamishwa 2023 baada ya kuonekana hela nyingi hazirudi na kuna vikundi hewa, ikarudishwa 2024 na utaratibu mpya.

Mapato ya ndani maana yake ushuru wa soko, leseni, vibali, ile hela unayotoa wewe asubuhi na mapema kabla hujauza hata fungu moja. Kwa hiyo sio fadhila ya mheshimiwa yeyote hata akiikabidhi kwa hundi kubwa ya boksi na picha. Kwa nini wanapata wale wale? Kwa sababu wale wale ndo wanaojua afisa maendeleo ya jamii wa kata anakaa wapi na fomu zinatoka lini. Muulizeni mtendaji kwenye mkutano, vikundi vya mtaa huu vilivyopata ni vipi, visomwe. TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, nayo hivyo hivyo, majina ya kaya yanatakiwa yapite kwenye mkutano wa jamii, na huko ndo kwa kusema kwamba mzee fulani kasahaulika na yule mwenye nyumba tatu kaingia vipi.

Mimi mvuvi, sikai mtaani, nakaa baharini

Una BMU yako, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe na rasilimali zake. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inaruhusu wavuvi wa mwalo kuunda kikundi cha kusimamia rasilimali zao wenyewe, na viongozi wake mnawachagua nyie. Tanga tuliteswa na baruti miaka mingi, matumbawe yamevunjwa huku tunasikia mlio tumekaa ufukweni tunakunywa kahawa, na kila mtu anawajua wanaopiga. Doria ya serikali pekee haikutosha wala haitatosha kama mwalo wenyewe umenyamaza. Siku ya kuchagua viongozi wa BMU nenda.

Kadi yangu ya kupigia kura inatosha kwenye uchaguzi wa mtaa?

Hapana, na hapa watu wengi sana wanakwama. Ziko chaguzi mbili. Uchaguzi mkuu wa rais, wabunge na madiwani unasimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, unatumia Daftari la Kudumu na kadi. Uchaguzi wa serikali za mitaa, wa mwenyekiti na kamati, unasimamiwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, una orodha yake ya wapiga kura ya mtaa ule, unajiandikisha upya kila uchaguzi na hupewi kadi. Wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024, kujiandikisha kulikuwa Oktoba, siku chache tu. Watu walifika siku ya kura na kadi zao nzuri kabisa wameziweka kwenye plastiki, majina hayapo, wanagombana na wasimamizi bure.

Mgombea kanipa kanga na kilo mbili za sukari, nimekosea kupokea?

Zamani sheria iliwahi kuziita takrima na kuziruhusu, Mahakama Kuu ikazifuta 2006 ikasema zinakwenda kinyume na Katiba. Sasa ni rushwa, na anayetoa na anayepokea wote wamo. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, simu yao ya bure ni 113.

Najua utaniambia "bora nile hela yake kura nimpe mwingine". Wengi wanasema hivyo na wengi wanafanya. Shida yake ni kwamba yule mtu hesabu zake anazo, ametumia kiasi fulani, akipata kiti atazirudisha, na hazirudishi kwa mshahara. Zinarudi kwenye tenda ya mtaro unaobomoka mvua ya kwanza. Sukari yenyewe hata mfungo haumalizi.

Nataka kugombea uenyekiti, ila vyama sivitaki

Haiwezekani kwa sasa. Kuanzia mtaa mpaka urais lazima uwe mwanachama na upendekezwe na chama. Marehemu mchungaji Christopher Mtikila alipambana na hili mahakamani kuanzia miaka ya tisini, Mahakama Kuu ilimpa haki, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ikamkubalia 2013 kwamba kuzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Mpaka leo sheria haijabadilika.

Mengine kwa mtaa ni umri miaka 21, uwe mkazi wa hapo, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe na shughuli halali ya kukuingizia kipato. Na fomu, jamani, fomu! 2019 na 2024 wagombea wengi, hasa wa upinzani, walienguliwa kwa makosa ya kujaza, jina moja limefupishwa, kazi imeandikwa "mjasiriamali", muhuri umekosewa. Mengine yalikuwa ni hila wazi wazi kwa maoni yangu, lakini usimpe mtu sababu. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, toa kopi ya kila ukurasa kabla ya kurudisha, omba uthibitisho wa kupokelewa, na muda wa rufaa ni mfupi sana kwa hiyo wakili au mtu wa chama anayejua kuandika awe karibu siku hiyo.

Sasa kuna haja gani ya kupiga kura? Si bora kususia?

Hili swali lina umri kuliko wengi wetu. 1958 mkoloni alileta uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura alilazimishwa achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ili upige kura uwe na elimu au kipato cha paundi 150 kwa mwaka au kazi ya kueleweka. Ilikuwa dharau tupu. Januari 1958 TANU, chama kilichokuwa kinadai uhuru, wakakutana Tabora wakabishana vibaya, wengi walitaka kususia, Nyerere akawashawishi waingie, wengine wakakasirika, Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake, ANC. Jimbo la Tanga lilikuwa kwenye awamu ya kwanza ya kupiga kura Septemba mwaka ule ule, na wagombea waliobebwa na TANU walishinda. Mchezo ulikuwa mbovu na waliingia, wakautumia.

Lakini sitaki kusema jibu ni lile lile kila mara, manake hali sio ile ile. 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa mitaa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. 2024 wakarudi, na bado ikawa karibu vile vile. Oktoba 29, 2025 tulipiga kura ya rais CHADEMA hawamo kwenye karatasi, Tundu Lissu yuko ndani kwa kesi ya uhaini, siku hiyo hiyo watu wakaingia barabarani miji mbali mbali, intaneti ikazimwa, watu wakafa, na idadi yao mpaka leo inabishaniwa. Matokeo ya rais yakishatangazwa na Tume hakuna mahakama ya kuyachunguza, ibara ya 41(7), na Mahakama ya Afrika ilishasema 2020 kwamba hilo linakiuka haki. Sasa kijana akiniambia "baba mdogo, kura yangu ina kazi gani" mimi siwezi kumpa hotuba ya asubuhi redioni. Ana haki ya kuuliza.

Ninachomwambia ni kwamba atenganishe vitu viwili. Kura ya mwaka mmoja katika mitano unaweza ukaikasirikia, ukasusa, hilo ni lako na ni msimamo wa kisiasa. Lakini usisuse mkutano wa mtaa, kamati ya shule, BMU, ukumbi wa madiwani. Huko hakuna karatasi ya kura ya kukuengua. Na tunajua Tanga kiti kinaweza kuhama, 2015 jimbo la Tanga Mjini lilikwenda CUF, 2020 likarudi CCM, mtaro ukawa ule ule. Aliyekuwa anauliza kwenye mkutano alipata mtaro kwa awamu zote mbili, asiyeuliza akabaki na bendera.

Mikutano ya hadhara inaruhusiwa?

Ilizuiwa 2016, Rais Samia akaondoa zuio Januari 2023. Chama kinatoa taarifa ya maandishi polisi saa 48 kabla. Kama pale uwanja wa Tangamano kuna mkutano wa chama chochote una haki ya kwenda kusikiliza, hata usipokuwa mwanachama wao, na shati la rangi yoyote.

Mimi mwalimu, nitaharibiwa kazi?

Kupiga kura na kuhudhuria mkutano wa mtaa kama mkazi hakuna tatizo lolote. Kampeni darasani au ofisini ndo usifanye. Askari wa majeshi ni tofauti, Katiba inawazuia kujiunga na chama, ila kura wanapiga.

Niko kijijini Mkinga, viongozi wanataka kumpa mwekezaji ardhi

Kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, unatakiwa ufanyike angalau kila miezi mitatu, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Kwa hiyo mkiona wageni wamekuja na gari wanapima na hakuna mkutano ulioitishwa, ombeni kuonyeshwa muhtasari wa siku mlioridhia, pamoja na mahudhurio. Soma majina. Vijiji vingine marehemu huwa wanahudhuria.

Ukanda wa pwani yetu sasa hivi thamani ya ardhi imepanda, bomba la mafuta la kutoka Hoima limeishia Chongoleani baada ya kilomita 1,443, kila mtu anatafuta kiwanja karibu. Haraka ya mnunuzi isiwe haraka yenu.

Naweza kudai kuona matumizi ya fedha kwa maandishi?

Ndio. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaandika barua, wana siku 30 kukujibu. Anza na ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa manake taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa ibandikwe pale, mara nyingi iko chini ya tangazo la chanjo.

Mwenyekiti haitishi mkutano kabisa, miezi imepita, tufanyeje?

Msianze na kumtukana kwenye grupu, atajibu huko huko na mtaishia hapo. Andikeni barua moja fupi, ya kuomba mkutano uitishwe, mtaje ajenda mnazotaka mbili au tatu, chini majina na saini za wakazi wengi kadiri mnavyoweza, pitieni nyumba kwa nyumba hata jioni mbili zinatosha. Nakala iende kwa mtendaji wa kata, kwa diwani na kwa mkurugenzi wa Jiji. Mkiipeleka bebeni kopi ya ziada, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, msiondoke mpaka igongwe, na kopi hiyo ikae kwa mtu mmoja mnayemwamini ambaye hapotezi vitu. Kwenye barua wekeni namba ya simu ya mmoja wenu tu, asije akapigiwa kila mtu na kila mmoja akajibu la kwake.